Barua kwa mwanangu anayetaka kutoa gari achukue pikapu

Mwanangu, hujambo baba. Mimi sijambo, mgongo tu ndio unanisumbua asubuhi. Ile voisi yako ya jana usiku nimeisikiliza mara tatu, mara ya kwanza nikasema huyu mtoto kachanganyikiwa, mara ya tatu nikaona hapana, ana hoja, basi nikasema nisikupigie maana kwenye simu tutakatizana, ngoja nikuandikie taratibu.

Umesema yule bwana anachukua kagari kako, unamwongezea hela juu, yeye anakupa pikapu. Na sababu yako ni kwamba kila muhula ukiisha wenzako wanahangaika na magodoro na masanduku, wewe umeshawabebea mara mbili tatu kwa pikapu ya kuazima wakakulipa, ukaona hapa kuna riziki. Hiyo sababu naiheshimu, mtoto anayetafuta hela yake huku bado anasoma siwezi kumvunja moyo. Ila mimi nimeendesha pikapu miaka 9, wewe ukiwa shule ya msingi, na kuna vitu vya lile gari hukuviona kwa sababu ulikuwa mdogo na sisi hatukukwambia.

Tuanze na mafuta. Kagari kako kanakula kama lita 6 au 7 kwa kilomita 100, pikapu nyingi zinakula 9 mpaka 12 kutegemea injini na mzigo na mguu wa dereva. Sasa wewe ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, chukua tu 7 kwa 10, hiyo ni lita 30 za ziada kila mwezi, uwe umebeba mzigo au umebeba begi la madaftari peke yake. Na oili je? Injini yako ndogo inameza lita tatu na nusu hivi ukibadilisha, injini ya dizeli ya pikapu inaweza kufika karibu 7, na tairi zake ni kubwa, nzito, bei yake siyo ya tairi za gari dogo, na zikiisha haziishi moja moja. Hizi gharama hazingoji muhula ufungwe, zinakuja kila mwezi, wakati mzigo unao wiki mbili mwisho wa muhula basi.

Halafu bima. Hapa nakuomba usome mara mbili. Bima uliyonayo ni ya matumizi binafsi, siku unabeba vitu vya mtu kwa malipo hiyo ni biashara, na ikitokea ajali kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa kabisa kwa sababu hukuwaambia. Waulize wenyewe, wakupe jibu kwa maandishi, usikubali maneno ya mdomo ya mtu wa kaunta.

Kuna jambo sijawahi kukuhadithia. Siku moja mimi na marehemu baba yako tulipakia mchanga, mvua ilikuwa imenyesha usiku mzima kwa hiyo ulikuwa umelowa. Mchanga mkavu mita moja ya ujazo peke yake ni kama tani moja na nusu, ukilowa unazidi, na pikapu nyingi za kawaida zinabeba tani moja hivi, na kwenye hiyo tani na nyie mliokaa mbele mnahesabiwa. Sisi tukaangalia bodi tukaona mbona bado ina nafasi, ongeza, ongeza tena. Giza likaingia nikawasha taa, taa zikawa zinamulika matawi ya miti badala ya barabara, maana nyuma kumekaa chini pua imeinuka, na usukani ukawa mwepesi mno mkononi, naukata gari inachelewa kuitika. Tukafika kwenye mteremko nikakanyaga breki, gari haisimami, inapunguza mwendo kidogo kidogo tu, na kule chini kuna mtu anakokota baiskeli anavuka. Alivuka salama, Mungu mkubwa. Lakini mguu wangu wa kulia ulitetemeka mpaka nyumbani, na kesho yake fundi alikuta jani moja la springi ya nyuma limekatika vipande viwili.

Na usidhani ikiwa tupu ndo salama. Pikapu tupu nyuma ni nyepesi, springi zile zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo, kwa hiyo barabara ikilowa ukaingia kona na mwendo uliouzoea kwenye kagari kako, mkia unakutoka. Mimi ulinitoka mara moja, nikajikuta nimeangalia nilikotoka.

Wenzako nao watakuomba lifti kule nyuma kwenye bodi. Usipandishe mtu. Kule hakuna mkanda, hakuna kitu cha kumshika, breki moja tu ya ghafla unampeleka mtoto wa mwenzio barabarani. Wakinuna wanune.

Kuhusu huo ubadilishanaji wenyewe, baba angu, hapo ndipo wengi wanapopigwa. Anakuchanganyia mambo mawili liwe moja, anakutajia tu hela ya kuongeza, wewe unaiona ndogo unafurahi, kumbe gari lako kalipigia bei ya chini na lake kalipandisha. Tenganisha. Muulize kwanza, langu unalinunua kwa kiasi gani taslimu leo? Halafu lako ungemuuzia mtu asiye na gari kwa kiasi gani? Akikwepa kujibu ujue. Na wewe ulipeleke kagari kako kwa wanunuzi wawili wengine usikie wanasemaje, mara nyingi kuuza mwenyewe kunalipa kuliko kubadilishana. Hakikisha pikapu haijawekwa rehani kwenye mkopo wa mtu, namba ya chasisi ifanane na ya kwenye kadi, na umiliki wa magari yote mawili ubadilishwe, maana la zamani likibaki jina lako faini zake zitakufuata wewe.

Ukienda kuikagua lala chini kabisa uangalie chasisi, kutu ya juu juu haina neno lakini ukigonga na bisibisi chuma kikabonyea achana nayo. Angalia kama imechomelewa. Simama nyuma yake uone kama imeegemea upande mmoja. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, ukikuta 2315 hiyo tairi ilitengenezwa wiki ya 23 mwaka 2015, hata kama ina kashata nzuri, yaani ile mikato yake ya kushika barabara, imeshazeeka.

Mimi kwa moyo wangu naona usibadilishe mwaka huu. Kagari kako hakadaiwi na mtu, kanakufikisha darasani, na umebakiza mihula mitatu tu. Hizo wiki mbili za mzigo kodi pikapu yenye bima ya biashara, pamoja na dereva wake, wewe chukua oda na upange safari, halafu andika kwenye daftari kila kitu, ulichopokea, ulicholipa, kilichobaki mkononi. Fanya hivyo mihula miwili. Ninachoogopa zaidi siyo hata hela, ni kwamba ukishakuwa na pikapu kila mtu atakuwa na kitu cha kubeba, saa mbili asubuhi uko na kabati la mtu na wenzako wako kwenye mtihani, na wewe najua kusema hapana kunakupa shida, hilo umerithi kwa baba yako.

Ila wewe ni mtu mzima sasa, ukipiga hesabu zako ukaona bado unaitaka sitakuzuia. Ninachoomba usisaini kitu na usimpe mtu kadi ya gari kabla sijafika. Jumamosi nakuja na basi la alfajiri. Mwambie yule bwana asiiwashe hiyo pikapu asubuhi hiyo, nataka niikute injini ya baridi nisikie inavyowaka, nitaweka mkono kwenye boneti mwenyewe kabla hajaanza kuongea.

Mama yako