Tiketi ya mbali kwa nauli ndogo: wanafunzi wetu waelezwe mapema

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wazazi, na vijana wanaojiandaa kuja kusoma Uingereza, jambo moja kuhusu nauli za treni za huku, kwa kuwa limemgharimu mpwa wangu fedha alizotumiwa na mama yake kwa chakula cha mwezi.

Kijana huyo alikuwa akisafiri kutoka London kwenda York. Alipotafuta tiketi kwenye simu aliona kwamba nauli ya kwenda mji ulio mbele ya York, kwa treni ileile na saa ileile, ilikuwa ndogo kuliko nauli ya kuishia York. Akakata ile ya mbali, akiamini, kama angeamini mtu yeyote aliyekulia kwetu, kwamba aliyelipia safari ndefu hawezi kudaiwa kwa kushuka njiani. Mkaguzi alipopita, kijana akamwambia bila kuficha kwamba anashukia York. Hapo ndipo alipoelezwa kuwa tiketi yake haimruhusu kushuka kituo hicho, akatozwa nauli kamili ya tiketi mpya.

Kwetu nauli hufuata umbali. SGR ya Tanzania ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro lilikuwa shilingi 13,000 na hadi Dodoma shilingi 31,000, wala hakuna aliyetazamia kuamka asubuhi akute Dodoma ni rahisi kuliko Morogoro. Huku, tangu shirika la reli la taifa livunjwe kwa sheria ya mwaka 1993, baadhi ya nauli hudhibitiwa na serikali na nyingine huamuliwa na kampuni zenyewe. Tiketi zinazoandikwa Advance, yaani za kununuliwa mapema, kama ile ya mpwa wangu, zimo katika kundi hili la pili: huuzwa kwa mafungu, fungu la bei ya chini likiisha hufuata la juu yake, na kila safari kati ya vituo viwili ina bei yake. Panapokuwa na ushindani wa ndege au mabasi, bei hushuka; kituo cha katikati kisicho na ushindani huo hubaki na bei kubwa, japo treni ni ileile.

Masharti ya usafiri yanatofautisha tiketi hizo na nyingine, na tofauti hiyo ndiyo aliyokosa kuijua mpwa wangu. Mwenye tiketi ya Anytime (ya saa yoyote) au Off-Peak (ya saa zisizo na msongamano) kwa kawaida anaruhusiwa kukatisha safari njiani, isipokuwa tiketi yake iwe na katazo maalumu. Kwake yeye, kununua ya mbali na kushuka mapema si kosa. Mwenye Advance haruhusiwi kupandia njiani, baada ya kituo cha kuanzia kilichoandikwa, wala kushuka kabla ya kile cha kuishia, hata kama kiti chake kimelipiwa hadi mwisho wa safari.

Anayetaka unafuu bila kuingia katika matatizo anaweza kugawanya safari kwa tiketi mbili zinazofuatana, jambo ambalo masharti yanaliruhusu waziwazi, mradi treni isimame katika kituo cha kuunganishia. Hahitaji kushuka hapo. Vilevile, kijana wa miaka 16 hadi 25, na hata mwanafunzi wa masomo ya muda wote aliyepita umri huo, anaweza kununua kadi ya punguzo inayompunguzia theluthi ya nauli nyingi kwa mwaka mzima. Bei yake ni paundi 35 tangu Machi 2025.

Najua kampuni zitasema kwamba bila katazo hilo hesabu zao za mafungu zingevurugika. Hata hivyo, abiria aliyeshuka mapema ameacha kiti kikiwa kitupu, hakumpunja mtu, na aliilipa bei waliyoipanga wao. Kumtoza mara ya pili ni uonevu, nami nimewaandikia barua kuwaambia hivyo.

Ninaloomba kwa sasa ni dogo. Mawakala wanaowapeleka vijana wetu vyuoni, na jumuiya za wanafunzi zinazowapokea uwanja wa ndege, wawaeleze sharti hili siku ileile wanapowaeleza kuhusu koti la baridi na akaunti ya benki.

Msomaji wenu,
Leeds, Uingereza