Wafula, nimewekewa sukari kwa tenki

Wafula ndugu yangu,

Nakuru aje, mama watoto ameshapona? Huku Kisumu tuko tu lakini moyo haujatulia.

Jumanne alfajiri nimetoka niende steji nakuta sisimizi wamepanga laini wanapanda gari yangu ya Probox mpaka pale kwa tenki, na unakumbuka kile kimlango hakifungi tangu kitambo. Nikadhani mtoto wa ploti amemwaga soda. Kugusa hivi, sukari! Nikajua injini imekwisha, si tumeambiwa tangu tukiwa wadogo ati sukari inageuka gundi huko ndani? Sikuwasha, nikaita fundi, jamaa akacheka mpaka nikakasirika. Ati sukari haiyeyuki kwa petroli, inazama tu kama mchanga, ikizidi sana itaziba filta ama pampu, wangemwaga maji ndio ningelia. (Na vile sukari iko bei, huyo mtu ananichukia kwa gharama yake mwenyewe.)

Sasa akiwa huko chini anashusha tenki aoshe, akanyamaza. Akaniita. Paipu ya breki ya nyuma imekatwa, si kutoboka na kutu, imekatwa na chuma, oili inadondoka tu. Wafula, mimi hubeba wamama wa soko la Kibuye na watoto wao kwa hiyo gari.

Polisi nilienda nikapewa namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, kuharibu mali ya mtu makusudi ni kifungu cha 339 cha Penal Code, hadi miaka 5 ndani, lakini wanataka jina na mimi jina nitatoa wapi. Bima yangu ni ile ya thadi pati, ya kulipia hasara ya watu wengine tu, hiyo haigusi mambo kama haya, kwa hivyo ni mfuko wangu.

Kitu inaninyima usingizi ni hii. Ya breki sikuambia mtu hapa mtaani, nilisema tu ni tenki. Jana niko steji nakula mahindi, yule jamaa tuligombania foleni mwezi jana ananiuliza, "Breki ziko sawa sasa?" Nikamwambia ziko sawa, lakini mahindi yalikataa kushuka. Mke wangu anasema pengine ni fundi aliongea, na inawezekana, sitaki kumsingizia mtu. Ila siku hizi kabla ya chai nalala kwanza chini ya gari na tochi ya simu.

Ukipita kwa maduka ya spea huko niangalizie kifuniko cha tenki chenye ufunguo, huku nimekosa. Mpe dereva wa matatu ya jioni, nitakutumia pesa ikifika.

Ni mimi wako,
Ochi