Kabla hujafunga turbo kwenye 1HZ yako

"Fundi, gari limekuwa zito. Nifungie turbo." Maneno haya tunayasikia sana hapa gereji kila msimu wa vitunguu unapoanza. Anayeyasema mara nyingi ana Land Cruiser pikapu ya zamani yenye injini ya 1HZ, tela nyuma, na mlima Kitonga katikati ya shamba lake la Ruaha Mbuyuni na soko la Iringa. Anapanda kwa gia namba mbili, foleni ya magari imemganda nyuma, na mshale wa joto unazidi kusogea. Turbo, yaani kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi, tunafunga, na tunaipenda kazi hiyo. Ila magari mengi tunayoletewa kwa ajili ya turbo yana nguvu iliyopotea, na ni lazima irudi kwanza. Ukifunga turbo kwenye injini iliyochoka, unaiharakishia safari ya kunoki.

1HZ ni injini ya dizeli ya Toyota, lita 4.2, silinda 6, na kiwandani haikufungwa turbo. Ikiwa mpya ilitoa nguvu za farasi 130 hivi. Hizo ni za usawa wa bahari. Iringa mjini tupo zaidi ya mita 1,500 juu, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na turbo inajivutia hewa yenyewe, kwa hiyo hewa ikipungua na nguvu inapungua. Ndiyo maana gari lile lile linalokimbia vizuri Chalinze linakuja kulalamika Ilula. Hapo bado hatujahesabu umri wake.

Msimu uliopita mzee mmoja alikuja na pikapu yake akiwa ameshadunduliza hela ya turbo. Nikamwomba, "Mzee wangu, niachie siku mbili tulitazame kwanza." Kijana wetu aliingia ndani akakanyaga mafuta mpaka mwisho, mimi nikaangalia kwenye pampu ya dizeli. Mkono wa pampu ulikuwa haujafika mwisho wake, umebakiza kama upana wa kidole. Waya wa mafuta ulikuwa umelegea, na kapeti nene chini ya pedeli lilikuwa limemaliza kazi. Kwa hiyo hata alipokuwa akikandamiza kwa mguu wote kule Kitonga, pampu haikuwahi kupata amri kamili. Filta ya hewa tuliipiga chini mara moja ikatoa vumbi jekundu la kutosha kujaza kopo la maziwa. Nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, tulizipeleka kwenye mashine ya kuzipima: nozeli nzima inatoa ukungu mwembamba uliosambaa, lakini kati ya zake sita, mbili zilikuwa zinakojoa, yaani dizeli inatoka kama mchirizi. Dizeli ya namna hiyo haiungui vizuri, inageuka moshi na joto. Tukabadilisha nozeli zote, tukaseti klirensi (nafasi) za valvu na taimingi ya pampu (wakati wa kumwaga dizeli), tukakaza waya. Mzee akapanda Kitonga kwa gia namba tatu na tela lake. Hela ya turbo alirudi nayo nyumbani, nami nilifurahi kumwona akiondoka hivyo.

Tairi nazo zitazame. Ukivalisha tairi kubwa ili gari linyanyuke, kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 6, mvuto nao unapungua kiasi hicho hicho, maana gia zako zimekuwa ndefu bila kuziomba.

Sasa, gari likiwa zima na mzigo wako bado unalishinda, hapo turbo ina maana. Turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda, na hewa hiyo inatosha kuunguza dizeli zaidi. Hatari inaanzia kwenye hiyo dizeli. Wapo wanaofungua skrubu ya pampu inayoongeza dizeli, barabarani, bila kuongeza hewa yoyote, gari linatoa moshi mweusi, dereva anasema sasa lina nguvu. Moshi mweusi ni mafuta uliyolipia yasiyoungua vizuri, na joto linalokwenda nayo ndilo linaloua 1HZ. Injini hii inaunguzia dizeli kwanza kwenye vyumba vidogo ndani ya silinda hedi, kisha moto ndio unatoka kwenda kwenye pistoni. Joto likizidi kwa muda mrefu, hedi inapata nyufa. Pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ninayo moja mezani iliyotoka kwenye pikapu iliyofunguliwa pampu namna hiyo: ukingo wake umeliwa kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Kila mteja wa turbo namkabidhi aishike kabla hatujazungumza bei.

Kwa hiyo kwetu turbo haifungwi bila geji mbili, moja ya mgandamizo wa hewa na nyingine ya joto la moshi, kihisi chake kikiwa kwenye manifodi, pale moshi unapotokea kwenye injini, kabla haujaingia kwenye turbo. Kwenye 1HZ tunaishia mgandamizo wa takriban bar 0.5, na pampu tunaiseti ili ukipanda mlima na mzigo joto lisivuke nyuzi 650. Najua utasikia jirani yako amepandisha yake mpaka bar 1. Inawezekana, na kwa wiki chache itapendeza. Kumbuka pia pampu ya 1HZ haina kifaa cha kutambua kama turbo imeshaanza kusukuma, tofauti na injini zilizotoka na turbo kiwandani. Ukiiongezea mafuta mengi kwa skrubu, yanamwagwa hata kabla hewa haijafika, ndipo gari linafuka unapoondoka. Ndiyo maana kuseti pampu kunatuchukua muda mrefu kuliko kufunga turbo yenyewe.

Bomba la moshi tunaweka la inchi 3 ili moshi utoke bila kubanwa. Rejeta tunaifungua na kuisafisha. Klachi tunaipima, kwa sababu iliyochakaa itaanza kuteleza mara tu mvuto ukiongezeka, na utaisikia harufu yake kabla hujafika nusu ya mlima. Tukikuta mkanda wa taimingi umekaribia kilomita 100,000 tunaubadilisha hapo hapo. Baada ya hapo oili ni kila kilomita 5,000. Mhimili wa turbo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ukielea juu ya oili ya injini, hivyo ukimaliza mlima usizime gari papo hapo. Liache lingurume dakika mbili au tatu, la sivyo oili inaungulia ndani ya turbo na kuwa masizi.

Nina jambo moja ambalo silegezi, hata mteja akikasirika: breki. Turbo inakusaidia kupanda, lakini haiongezi hata kilo moja kwenye uzito ambao mtengenezaji ameruhusu gari livute. Kitonga hiyo hiyo utaishuka, na tela lenye mzigo linakusukuma kwenye kila kona. Tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750. Likizidi, tunalifungia breki kwanza, na gari lishuke kwa gia ile ile ambayo lingepandia. Tumewahi kumrudisha mteja bila turbo kwa sababu hii, na tutamrudisha mwingine.

Ukija, njoo na tela lako likiwa na mzigo wako wa kawaida, usije na gari tupu. Tutapanda nalo pamoja, wewe ukiendesha, mimi nikiangalia moshi kwenye kioo cha pembeni. Bei nitakutajia tukisharudi.