Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: jengo la KNCU Moshi na mkimbizi aliyelichora

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUPIMWA, KUCHORWA NA KULINDWA KWA JENGO LA KNCU, MOSHI

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchora ramani mstaafu. Kila nikipita Moshi mjini husimama kidogo kulitazama jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Watu wengi wanalijua kwa maduka ya chini na vyumba vya wageni vya juu. Nikiwauliza vijana ni nani aliyelichora, hujibu neno moja: "Wazungu." Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Aliyelichora ni Ernst May, Mjerumani. Alipofika Tanganyika mwaka 1934 hakuletwa na serikali wala kanisa. Alikimbia. Kwao hapakukalika tena.

Alizaliwa Frankfurt mwaka 1886. Kati ya 1910 na 1912 alifanya kazi Uingereza chini ya Raymond Unwin, bingwa wa vitongoji vya bustani, na huko alijifunza jambo ambalo hakuliacha maisha yake yote: mji ukikua usiuache ufurike kama uji uliochemkia sufuriani. Upe vitongoji vyenye mipaka, na katikati acha mabonde na mashamba yapumue. Mwaka 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimkabidhi ujenzi na mipango yote ya jiji. Ilikuwa baada ya vita, familia zimebanana, nyumba hazitoshi. Ndani ya miaka mitano hivi zilijengwa nyumba zinazokaribia 15,000. Sehemu kubwa ya fedha ilitokana na kodi maalumu waliyotozwa wenye nyumba za zamani. Baadhi ya kuta zilimwagwa kwa zege kiwandani, zikaletwa vipande vipande na kuinuliwa kwa kreni.

Kinachonigusa zaidi ni jiko. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke msanifu aliyefanya kazi katika ofisi ya May, alichora jiko la mita 1.9 kwa 3.4 hivi. Alihesabu hatua za mpishi kutoka kwenye sinki hadi mekoni, akapima muda wa kila kazi kwa saa, akapanga kabati, meza na taa ili mtu asizunguke bure. Majiko yapatayo 10,000 ya namna hiyo yalifungwa katika nyumba za jiji. Mheshimiwa, katika miaka yangu kazini nimefuatisha kwa wino michoro mingi ya mipangomiji iliyoanza na barabara kuu na kuishia kwenye namba za viwanja, na sikumbuki mara nyingi mtu akiuliza maji yataingiaje jikoni. May alianzia huko jikoni ndipo akatoka nje kwenda barabarani.

Hata hivyo, kodi ya pango ya nyumba zile iliwashinda wengi wa wafanyakazi wa kipato cha chini kabisa, wale ambao mradi ulisemwa ni wao. Wengi waliohamia walikuwa makarani na mafundi wenye mshahara wa uhakika. Watu hao maskini hawakuwa wameketi mezani wakati hesabu zinapigwa.

Mwaka 1930 alikwenda Urusi ya Kisovieti na kundi la wasanifu wenzake kupanga miji mipya ya viwanda. Mkubwa uliotajwa sana ni Magnitogorsk, mji wa chuma karibu na milima ya Ural. Walipofika walikuta kiwanda kimeshawekwa mahali pake, ujenzi umeshaanza, na maagizo yanabadilika kutoka juu kila mara. Kilichojengwa kwa mkono wake kilikuwa sehemu ndogo tu ya alichokiota. Wakati huohuo, mwaka 1933, Hitler alishika madaraka Ujerumani. May alikuwa na asili ya Kiyahudi, na hata nyumba zake za paa bapa zilichukiwa na Wanazi. Njia ya kurudi ikafungwa.

Ndipo alipokuja chini ya Mlima Meru, karibu na Arusha, akanunua shamba la kahawa. Mtu aliyekuwa ameongoza ujenzi wa sehemu nzima za jiji akaamka alfajiri kukagua miche. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1937, aliacha kilimo na kufungua ofisi ya usanifu Nairobi. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Waingereza walimhesabu kuwa raia wa nchi adui, wakamweka kizuizini Afrika Kusini. Amefungiwa mlango na Wajerumani kwa asili yake, amefungwa na Waingereza kwa Ujerumani wake. Nikilifikiria hilo huniuma.

Sasa nifike Kampala, kwa sababu bila Kampala Moshi haieleweki.

Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa mji kwenye vilima vya Kololo na Naguru, na ripoti ikatoka mwaka 1947. Kama fundi nasema kuna mengi ya kujifunza ndani yake. Barabara zinafuata mteremko wa kilima badala ya kuukata, mabonde yanaachwa wazi na ya kijani, nyumba zinaelekezwa kwenye upepo. Lakini ramani ileile iliwagawa watu kwa rangi. Naguru ilikuwa ya Waafrika, na wengine walipewa kwingine. Mwafrika alichukuliwa kama mwanafunzi wa maisha ya mjini, wa kupandishwa ngazi kwa ngazi na wakubwa. Miaka hiyohiyo May alibuni nyumba ya vipande vya zege vyenye umbo la upinde, vya kumwagwa kiwandani na kuunganishwa haraka, kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika. Kulikuwa na akili nyingi katika ubunifu ule. Sijaona popote kwamba waliotarajiwa kuishi ndani yake waliulizwa.

Mtu aliyefungiwa mlango kwao kwa ajili ya asili yake alichora mji unaowagawa watu kwa asili. Sitafuti kumtetea. Aliyemlipa alitaka hivyo, naye akachora hivyo.

Moshi mambo yalikuwa tofauti. Huko mteja alikuwa Mwafrika.

Wakulima wa Kichagga walikuwa wameunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, kikiongozwa na Joseph Merinyo, wakati walowezi wakipinga vikali Waafrika kulima kahawa ya arabika. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 ushirika ule ulikuwa na fedha, heshima na madai yake. Wakati Wachagga wanamchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, yaani chifu wao mkuu, mwaka 1951, jengo lao lilikuwa likipanda katikati ya mji. Walimpa kazi May, aliyewahi kuilima kahawa hiyohiyo ng'ambo ya pili, chini ya Meru.

Wakulima hawa hawakutaka kupangiwa kibanda. Walitaka maduka, ofisi, ukumbi, mahali pa kulala mwanaushirika aliyeshuka kutoka migombani, na kila kitu kiwe katikati ya mji, kikubwa, cha kudumu. Kila kilo ya kahawa iliyobebwa kichwani hadi kwenye chama cha msingi ina kipande chake katika kuta zile. Naye May alikuwa huru kufanya alilolijua vizuri kuliko yote: kukinga jua, kupitisha upepo bila mashine, kumpa mtu baraza la kusimama na kutazama mji wake. Penseli ilikuwa ileile ya Kampala. Mteja ndiye aliyebadilika, na nikisimama pale chini naiona tofauti hiyo kwenye zege.

Mwishoni mwa mwaka 1953 alirudi Ujerumani, akaendelea na kazi kubwa za makazi huko Hamburg na Bremen. Alifariki Hamburg Septemba 1970.

Mheshimiwa, mipango ya miji yetu mikubwa imeandikwa na wageni kwa miaka mingi. Dar es Salaam ilipangwa na kampuni ya Kiingereza mwaka 1949, kisha na Wakanada mwaka 1968 na 1979. Hata Dodoma, baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu huko, mpango wake wa mwaka 1976 ulitoka kwa kampuni ya Toronto. Simlaumu mgeni kwa kuwa mgeni. Ninachouliza kila mara ni nani alikaa upande wa pili wa meza, na kama alikuwa na sauti ya kukataa mchoro. Ndiyo maana nataka jengo la Moshi lisomwe na kila afisa mipangomiji kijana kabla hajaandika mpango kabambe wake wa kwanza.

Ili lisomwe, lazima lichorwe. Katika ofisi moja niliyopata kuifanyia kazi, niliona kabati zima la michoro ya mkono likitolewa nje ili kupisha meza mpya. Mvua ilinyesha usiku. Asubuhi wino ulikuwa umeyeyuka, na hakuna aliyeandika popote kilichopotea. Tangu siku hiyo sina imani kwamba karatasi fulani "ipo mahali". Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli iliyokamilika miaka ya 1970, liliungua Julai 2021 mbele ya macho yetu. Jengo halitoi taarifa kabla ya kuondoka.

Frankfurt wanalijua hilo. Katika kitongoji cha Römerstadt nyumba moja ya May imerudishwa ilivyokuwa, na jiko lake na bustani yake, na watu wanaingia kuiona. Asmara, mji uliojengwa na Waitaliano kwa nia zao za kikoloni, uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2017, na Waeritrea ndio wanaojivunia. Sisi tuna jengo lililolipiwa na wakulima wenyewe.

Naomba basi wizara yako ikubaliane na Chuo Kikuu Ardhi ili wanafunzi wa usanifu na mipangomiji waende Moshi wakati wa mafunzo kwa vitendo wakiwa na tepu za kupimia, walipime jengo sakafu kwa sakafu na kulichora lote. Michoro ihifadhiwe sehemu mbili zilizo mbalimbali. Kisha mpango wa mji wa Moshi ulitambue jengo hili kwa jina na useme wazi ni marekebisho gani yanaruhusiwa na yapi hayaruhusiwi. Najua mambo ya kale yako chini ya wizara nyingine, lakini Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 iko mikononi mwako, na mji wowote hubomolewa au kuokolewa kwanza kwenye mchoro.

Katika yote hayo ushirika wenyewe uitwe tangu kikao cha kwanza. Jengo ni mali yao. Wakitaka kukataa kipengele fulani, wakatae.

Jambo moja haliwezi kungoja bajeti. Wako wazee Kibosho, Marangu, Machame na Old Moshi ambao wakiwa watoto waliletwa mjini na baba zao kuona jengo likipanda. Wao wanajua mambo ambayo hakuna tepu inayoweza kuyapima: nani alibishana na nani kuhusu ukumbi, fedha zilichangwaje, mafundi walitoka wapi. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1952 sasa amepita themanini. Mtume kijana mmoja mwenye kinasa sauti mwezi huu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mchora ramani mstaafu