Laiki nyingi si ushahidi

Mhariri,

Nalima mikorosho Newala. Msimu uliopita kijana mmoja aliandika mtandaoni kwamba ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua ya mkorosho, unatibiwa kwa majivu ya jikoni. Laiki zikamiminika. Bibi shamba aliyeshauri dawa ya salfa alipata nne tu, na maneno yake yakazama chini kabisa. Jirani yangu akamwaga majivu. Nilishika maua ya mkorosho wake, yamenyauka na kuwa meusi.

Sikatai, watu wakiripoti kwa wingi, matapeli wa pembejeo huondolewa upesi. Lakini genge nalo linaweza kumzima msema kweli kwa kumripoti au kumbonyezea alama za kutompenda. YouTube ilificha hesabu ya dole la chini, alama ya kutoipenda video, mwaka 2021 kwa sababu ya mashambulizi kama hayo. Wasimamizi wa mitandao, someni kwanza kilichoandikwa ndipo mfute.

Mkulima,
Newala, Mtwara