Risala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usafi, Dandora

Mheshimiwa mgeni rasmi Injinia, chifu wetu, wazee wa mtaa, akina mama na vijana wenzetu, hamjambo na karibuni Dandora, na poleni na moshi, huo hatukuupanga.

Historia yetu, kikundi cha kukusanya taka, ni fupi. Tulianza na mkokoteni mmoja wa kuazima, leo tuna yetu wenyewe, na tunasema bila kuogopa kwamba kikundi hiki ndicho nguzo ya usafi wa Nairobi nzima, anayebisha tutaongea naye wakati wa soda.

Injinia, tuliposikia ulianza kazi kwa migodi ukahamia mambo ya taka, kuna walioshangaa lakini sisi tulielewa haraka, juu hili jaa la taka la Dandora lilianza 1975 kwa machimbo ya mawe, likatangazwa limejaa 2001 na malori bado yanaingia. Mtu wa migodi anajua mlima ukishiba maji unaporomoka, anajua ile gesi ya methane inayolipuka kwa migodi ya makaa ndiyo inawaka hapa chini ya taka, na anajua jaa la kisasa hutandikwa udongo wa mfinyanzi na plastiki nzito ili yale maji meusi yanayochuruzika kwa taka yasifike mtoni. Hapa hakukutandikwa kitu, na Mto Nairobi uko hapo tu.

Sasa ombi. Sheria ya taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe, na sisi tunatenganisha, ila kwa matope, mvua ikinyesha katoni zinalowa, broka anakata bei na akina mama wamechutama kwa maji siku nzima. Tunaomba banda: sakafu ya simiti yenye mteremko, mtaro wa kushika maji, paa la mabati. Basi. Fulana tunazo za kutosha, zote zina sura za watu. Jiwe la msingi pia tunalo, mgeni rasmi mmoja tunayemheshimu sana aliliweka akasema wiki mbili mafundi watakuwa saiti, liko pale nyuma ya tenti, kuku wanalala juu yake. Aliyemfuata alipima uwanja kwa hatua zake, akaandika kwa simu, na hiyo simu tukipiga inaita tu.

Kwa hivyo Injinia, kwa heshima zote, kabla ya chakula tunaomba uende pale na mwenyekiti, tepu ya kupimia tumeazima na katibu amebeba karatasi na kalamu, hata mchoro wa haraka haraka utatutosha kuanzia. Pilau itangoja.

Asante.