Mdogo wangu, mrekodi Baba Mkubwa sasa

Mdogo wangu,

Shikamoo zangu zifikishe kwa Baba Mkubwa, kisha nikuombe jambo: kaa naye umrekodi anavyosimulia vita vya Kagera. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Nduli Amin alipotuvamia mwaka 1978, leo anakaribia 70. Kila mwaka tunazika kadhaa, na kila mmoja anaondoka na yake.

Habari za wakubwa zipo. Hotuba ya Mwalimu ya Novemba 2 tunaijua kwa moyo: uwezo, sababu na nia. Kampala kuangukia mikononi mwa jeshi letu na wapiganaji wa Uganda, Aprili 11, 1979, kumeandikwa. Ninachokitaka mimi ni kile Baba Mkubwa alichokitaja msibani mwaka jana, usiku wa Lukaya, huko Uganda, mwezi Machi 1979: wamelala kwenye kinamasi, viatu vimelowa, wanasikia ngurumo za magari ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin, na hakuna ruhusa ya kuwasha hata sigara. Alifika hapo akanyamaza, mtu akaleta chai, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya kahawa. Iliniuma sana.

Usianze na "ulipigana vipi". Muulize walikula nini, nani alitembea mbele yake, barua ya nyumbani ilimfikiaje. Akichanganya tarehe, usimsahihishe, tarehe tutazitafuta wenyewe. Akitaka Kihaya, aseme Kihaya, maana huko ndiko maneno yanamtoka bila kuyatafuta. Akinyamaza, ngoja. Akisema basi, zima simu siku hiyo, na lolote atakalotaka lisisikike nje ya ukoo libaki ndani ya ukoo. Majina ya wenzake mwombe ayataje polepole, uyaandike kwenye daftari. Wapo waliolala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo, ambao wajukuu zao hawajui walikufaje, na huenda yeye ndiye shahidi pekee aliyebaki.

Nakala moja nitumie, nyingine mpe shangazi.

Na tafadhali, usimwache Mama Mkubwa jikoni akipika huku sisi tunarekodi "historia". Yeye ndiye aliyevuka mto na watoto kabla daraja la Kyaka halijavunjwa, akaishi miezi bila kujua kama ni mke au mjane. Hajaulizwa na mtu. Mtengee siku yake, peke yake, Baba Mkubwa akiwa shambani, ili asije akamsaidia kujibu.

Dada yako